Naomba ushauri: kipimo cha galaktosemia kwa mtoto aliyeongezewa damu

Wakuu, habari zenu. Niko Igoma, Mwanza. Mdogo wangu ana kichanga wa wiki tano. Tangu aanze kunyonya ni kutapika, macho ya njano, ini limevimba na uzito haupandi. Mama mkwe ameshasema mtoto kabemendwa, hayo tuyaache.

Daktari anashuku galaktosemia, yaani mwili unakosa kimeng'enya cha kushughulikia galaktosi, sukari itokanayo na maziwa, hata ya mama. Mkojo ulionyesha una sukari fulani, lakini kile kijiti cha kupimia glukosi hakikubadilika rangi. Ameachishwa ziwa, anapewa maziwa ya kopo ya soya ya watoto wachanga, na kutapika kumepungua. Bei ya kopo lenyewe inatoa machozi.

Shida ni kwamba aliongezewa damu kabla sampuli haijachukuliwa. Kimeng'enya hicho hupimwa kwenye chembe nyekundu, kwa hiyo tukipima sasa tunapima na za mchangiaji, majibu yanaweza kutoka safi kumbe sivyo. Tumeambiwa tusubiri kama miezi mitatu, au wapimwe baba na mama, maana mbebaji (mzazi mwenye kasoro hiyo ya kurithi bila yeye kuugua) huwa na karibu nusu ya kiwango cha kawaida, au tufanye kipimo cha vinasaba.

Aliyepitia hili: sampuli ilichukuliwa Bugando ikasafirishwa, au mlienda Muhimbili wenyewe? Bima ililipa? Na hiyo soya mnaipata duka gani hapa mjini kwa bei ya kuvumilika? Tafadhali msinishauri uji wa lishe, bado mdogo mno.