Mkanda wa siti ya nyuma unakwama na haurudi: nisafishe au nibadilishe?

Nati10
Wakuu, mkanda wa nyuma kushoto ukiuvuta kwa kasi unakwama. Ukiufungua haurudi wote, unaning'inia mpaka mlango unaubana. Gari halijawahi kugongwa. Fundi anataka kubadilisha rola nzima (kile kifaa kinachoviringisha mkanda), abiria wanasema nyuma hakuna haja ya mkanda. Nifanyeje?

Msukani
Kukwama ukiuvuta kwa kasi si ubovu, ndiyo kazi yake. Rola hujifunga kwa njia mbili: mkanda ukitoka kwa kasi, au gari likipunguza mwendo ghafla au kuinama. Ndiyo maana kwenye mteremko mkali mkanda unaweza kugoma. Uvute taratibu hadi nusu, kisha ushtue. Usiposhika, hapo badilisha bila mjadala.

Spana14
Kutorudi mara nyingi ni uchafu. Angalia ringi ya juu unapopita mkanda, utakuta utando mweusi wa jasho na vumbi. Vuta mkanda wote, ubane karibu na rola usirudi. Usugue kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, ukifuata urefu wa nyuzi. Futa na ringi yenyewe. Uache ukauke kabisa kabla ya kuuachia, ukirudi mbichi utaota ukungu. Dawa ya kung'arisha nguo marufuku, huozesha nyuzi. Wala usipulize mafuta ndani ya rola, yanakamata vumbi.

Rola usiifungue: springi imekazwa, na nyingine zina baruti ya kukaza mkanda wakati wa ajali. Ila ukiona kingo zimechanika nyuzi, au mkanda umekunjamana kama uliowahi kuvutwa na ajali, fundi yuko sahihi.

Msukani
Hao abiria waambie hivi: kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi. Asiyefunga nyuma anamwangukia aliyekaa mbele yake, kwa hiyo wanaumia wawili.

Nati10
Nimeelewa, nitaanza na sabuni. Kuna mwingine hubana mkanda kwa kibanio cha nguo ili usimkabe shingo. Ni sawa?

Spana14
Hapana. Ukiulegeza, mwili unakwenda mbele bure kabla ya kushikwa, halafu mkanda unaupiga kwa nguvu zaidi. Kama nguzo ya mlango ina kitelezi cha ringi, ishushe hadi mkanda upite katikati ya bega na kifua. Sehemu ya chini ikae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni, na mjamzito aipitishe chini kabisa ya tumbo. Mkanda usijisokote, ukijisokota nguvu yote inaangukia mstari mwembamba. Kama anayekabwa ni mtoto, tatizo ni urefu wake: mnunulie kiti cha kumwinua.