Je, almasi ya mchongo wa kale ichongwe upya?

Swali
Nimerithi pete ambayo almasi yake ni bapa upande wa chini, na juu imeinuka kama kuba dogo lenye nyuso nyingi za pembetatu. Sonara amesema mchongo huo ni duni, na kwamba jiwe likichongwa upya kwa mtindo wa kisasa litameremeta zaidi. Je, ushauri huo una msingi?

Jibu la kwanza
Mchongo huo huitwa waridi, nao ulienea Ulaya kuanzia karne ya 16. Siuiti duni hata kidogo. Wachongaji wa zamani walifuata umbo la jiwe lenyewe: fuwele ya almasi aghalabu huwa na pande 8, mithili ya piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, hivyo mwanzoni walizing'arisha pande hizo tu na kuiacha ncha ilivyo, baadaye wakaisaga ncha ikawa bapa, ndipo ukapatikana mchongo wa meza. Vipande vyembamba, visivyo na kina cha kutosha kwa michongo mingine, vilifaa waridi. Tena almasi husagwa kwa unga wa almasi, kazi inayokwenda polepole mno, na hakuna aliyetaka kupoteza uzito bure.

Jibu la pili
Kuhusu mng'aro, sonara hajakosea. Katika mchongo wa kisasa, ambao vipimo vyake mhandisi Marcel Tolkowsky alivikokotoa mwaka 1919, nyuso za chini huinamishwa kwa pembe inayourudisha mwanga juu. Waridi haina nyuso hizo, kwa hiyo mwanga mwingi hupotelea chini. Hata hivyo, jiwe lako halina kina, na kulilazimisha liwe la mviringo wa kisasa kutakuachia punje ndogo tu. Almasi mashuhuri ya Koh-i-Noor ilipochongwa upya London mwaka 1852 ilishuka uzito kutoka karati 186 hivi hadi takriban 106, ingawa lilikuwa jiwe kubwa.

Jibu la tatu
Mwuliza, tazama kwanza nyuma ya pete. Ikiwa imezibwa kabisa, huenda chini ya jiwe kuna karatasi nyembamba ya metali, ambayo masonara wa zamani waliiweka ili irudishe mwanga. Usiioshe kwa kuichovya majini, kwani unyevu ukipenya karatasi hiyo hufifia na jiwe huonekana limekufa. Pengine hilo ndilo sonara aliloliona, na dawa yake ni kubadilisha karatasi, si kuchonga jiwe.