Tupeane uzoefu: mwandishi anakuoneshaje mtu bila kukutajia tabia zake?

Mwandani wa Mkunguni
Asalaam aleikum wanabaraza. Juzi tulijadili jinsi mwandishi anavyomwonesha mtu bila kutaja tabia zake, na mjadala ule umenirudisha kwenye mkate wa wishwa (makapi ya nafaka), katika utendi wa shujaa Fumo Liyongo aliouandika Muhammad Kijuma wa hapa Lamu mwaka 1913. Mnaujua. Liyongo yuko kifungoni, anamtuma kijakazi Saada kwa mamake: mkate upikwe, na katikati itiwe tupa, chombo cha kukerezea chuma. Mama anapeleka vyakula vizuri pamoja na ule wa wishwa. Walinzi wanajilia vizuri, wishwa wanamwachia mfungwa, na tupa inamfikia mwenyewe. Mtunzi hana haja tena ya kutwambia kwamba walinzi ni walafi, kwamba wanamdharau mfungwa wao, au kwamba mama ana akili. Mkate umemaliza yote matatu, na bado umesogeza kisa mbele.

Leteni mbinu mnazoziona zikifanya kazi hivi, utenzi au riwaya au tamthilia. Na zinapoharibika mseme zimeharibikia wapi.

Binti Langoni
Umenigusa penyewe, maana vitu ndivyo vinavyosahauliwa sana na waandishi wetu.

Mpe mhusika kitu kimoja, kitokee mara tatu. Mara ya kwanza kiwe cha kawaida kabisa, msomaji asikishuku. Mara ya pili mhusika abanwe, na mkono wake uonekane unakifanya nini kitu kile. Mara ya tatu kiwe kimebadilika, kimehama au hakipo. Tuseme mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono. Sura ya kwanza anaivua, anaitundika msumarini, ndipo anyooshe mkono kwenye sinia. Sura ya nne mwanawe amekuja kutaka nyumba iuzwe. Mzee hajibu, anaizungusha kofia magotini, kidole kinafuata mshono. Sura ya mwisho mzee yuko barazani kichwa wazi, na anayetoka ndani na karatasi za mauzo ndiye aliyeivaa.

Hapo mwandishi aweke kalamu chini. Akiongeza "mzee alihisi amenyang'anywa heshima yake", ameiua. Kosa la pili ni kukileta kitu mwishoni tu. Msomaji anaona kimeokotwa njiani. La tatu ni kukitaja kila ukurasa mpaka kinachosha. Mara tatu zatosha, nne kwa riwaya ndefu.

Kasa wa Shela
Naam. Na ile mara ya pili ndiyo yenye kazi. Wengi wanairuka.

Mwalimu wa Barani
Mimi niko Malindi na nitapinga kidogo. Haya mazuri, lakini watoto wa kidato cha nne wanaingia karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, yenye alama 80, na swali linasema wazi: eleza sifa za fulani. Ukimfundisha mwanafunzi kuonja mkate wa wishwa tu bila kumpa neno "mjanja", hana cha kuandika. Sifa lazima zitajwe.

Binti Langoni
Maalim, zitajwe na msomaji. Nilisema mwandishi asizitaje.

Mwalimu wa Barani
Hapo tumeelewana nusu. Basi nitoe ninavyowapangia, huenda ikamfaa mwalimu mwingine. Hoja moja ina vipande vitatu: sifa, tendo au kauli inayoithibitisha, kisha mbinu iliyotumika kutuonesha. "Mama Liyongo ni mwerevu, anaificha tupa kwenye mkate ambao walinzi hawataukubali, tunalijua hili kupitia kinaya, kwani wanaojiona wamepata ndio waliokosa." Kinachowaangusha ni kukariri orodha za sifa kutoka kwenye miongozo, hata mhusika aliyesema maneno mawili anapewa sifa sita. Wa pili ni yule anayesimulia kisa kizima bila kuitaja sifa yenyewe.

Kisima cha Ozi
Mmemtaja Liyongo na mkamwacha kifungoni. Mbinu kubwa iko mwisho.

Maadui wake wamemshindwa mara kadhaa. Wamempangia kikoa (ulaji wa zamu) cha makoma, matunda ya mti wa mkoma, kila mtu apande mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wamfume akiwa juu. Yeye hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini. Kumbukeni tendo hilo, maana linatufundisha kuwa mtu huyu anaona mtego kabla haujafungwa. Kisha wanamwendea mwanawe. Anaahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Anakwenda kwa babake na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Na Liyongo, aliyeuona mtego wa mkoma, anajibu: sindano ya shaba, kitovuni. Anamwambia mtoto wake!

Anachomwa usingizini. Anaamka, anashika uta na mshale, anatoka hadi kisimani, anapiga goti kama anayelenga, na roho inatoka akiwa vile vile. Watu wanakuja kuteka maji wanamwona. Wanarudi mbio. Mji una kiu na hakuna anayethubutu kusogea. Wanamwendea mama yake aje ambembeleze, mama anasimama mbali akimwimbia mwanawe, naye hageuki. Mpaka mwili wenyewe unapoanguka.

Sisi tunajua sindano imeingia. Wao wanaona uta uliovutwa. Pengo kati ya tunachokijua na wanachokijua ndilo linaloshika pumzi ya msikilizaji, na hofu ya mji inatupa kipimo cha mtu huyu kuliko beti mia za kusema ana nguvu. Ukitaka kumkuza mhusika, geuza uso wako kwa wanaomtazama.

Kasa wa Shela
Sina la kuongeza. Mama anamwimbia maiti.

Mshororo
Lile la mama ndilo linaloniliza kila mara. Na tazameni alivyotumika: mwanzo wa kisa mama anamwokoa kwa ujanja wake, mwisho mama yule yule anaitwa na watu na hana la kufanya. Mhusika mmoja katika hali mbili zinazopingana.

Mwandani wa Mkunguni
Ndugu zangu, uzi umekuwa wa Liyongo mtupu. Wengine je?

Mshororo
Basi nihame. Utenzi wa Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anataka kutuonesha dunia inavyopita, na neno "inapita" pekee halimtoshi. Anaingia ndani ya nyumba za Pate. Kwanza taa za kowa (kioo) na za sufuri (shaba) zinawaka, usiku unakuwa mchana. Kisha anakwenda kwenye madaka ukutani, pale vyombo vya kaure vilipopangwa, na sasa wamelala makinda ya ndege; bundi anakoroma ndani ya nyumba. Mahali ni pale pale. Angetupeleka kwanza sebuleni kisha makaburini, tusingekuwa na cha kulinganisha. Anayeandika taswira ya anguko achague eneo dogo, upana wa mikono miwili hivi, alioneshe likiwa zima kisha alirudie likiwa limekufa.

Na anausemesha moyo wake mwenyewe. Mahubiri yale yale yangeelekezwa kwetu tungeyakimbia.

Nuru ya Mambrui
Hiyo ya kumsemesha mtu iko pia katika utendi wa Mwana Kupona, 1858, mama anayemuusia bintiye. Sauti ni moja, binti hajibu hata neno. Lakini ukisoma amri zake, mume akilala asiamshwe wala sauti isipazwe, akae papo hapo mpaka aamke, unakiona chumba, unamwona mume, unamwona mama mgonjwa mwenye haraka ya kumaliza kusema.

Mwalimu wa Barani
Ule ni wasia, dada. Tusiulazimishe uwe na wahusika.

Nuru ya Mambrui
Una msemaji, una msemewa, una sababu ya kusema. Kwenye swali la muktadha wa dondoo, yaani nani anamwambia nani na kwa nini, mnatoa alama kwa hayo hayo, Maalim.

Fundi Nahau
Niongeze jambo ambalo vitabu vya mbinu hulipita. Sarufi yenyewe inachora. Msururu wa -ka- unafunga kila tendo na kusukuma lingine: "Akaingia, akavua viatu, akaketi, akanyamaza." Huyu ameshaamua jambo. Badilisha: "Aliingia akivua viatu, akitazama mlango, akitafuta pa kuketi." Huyu ana wasiwasi, na neno wasiwasi halipo. Hu- ni ya mazoea: "Huamka kabla ya adhana." Weka sentensi tatu za hu-, kisha moja: "Leo hakuamka." Kisa kimeanza. Zikizidi -ka- sita mfululizo usomaji unakuwa wa kukimbizana, kata hapo uweke sentensi ya kusimama.

Ngeli nazo. Msimulizi akimwita mtu "kijitu" mwanzoni na "mtu" mwishoni, msimamo wake umebadilika bila yeye kutangaza. Ila uhakikishe upatanisho wa sentensi unafuata, la sivyo msomaji atadhani ni kosa la uchapaji.

Kasa wa Shela
Hii naihifadhi.

Binti Langoni
Na lahaja? Mhusika wa Amu, yaani Lamu, akizungumza Kiswahili cha redio anakuwa hana kwao. Mimi nasema aseme moya (moja), ndoo (njoo), ndia (njia), mato (macho), na msimulizi naye aseme vivyo hivyo.

Mwalimu wa Barani
Msimulizi hapana! Msomaji wa bara atafunga kitabu ukurasa wa pili. Lahaja ibaki ndani ya alama za usemi.

Binti Langoni
Tenzi zetu zimeandikwa kwa lahaja na zinasomwa mpaka leo.

Mwalimu wa Barani
Zinasomwa na maelezo chini ya ukurasa.

Fundi Nahau
Nyote mna haki kwa kazi tofauti. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ambaye ni mtu wa Amu, lahaja ni sauti yake, asinyang'anywe. Msimulizi wa nafsi ya tatu anayeona kila kitu, Kiswahili sanifu kinampa umbali. Lililo baya ni kuchanganya: mhusika anasema "ndoo hapa" mstari wa kwanza na "njoo" mstari wa tano, hakuna kilichobadilika isipokuwa mwandishi amesahau. Chagua tabia tatu au nne za sauti, ziandike pembeni, zifuate mpaka mwisho. Akibadilisha lugha, kuwe na sababu: ameingia ofisini, anazungumza na hakimu.

Nuru ya Mambrui
Kuna na jaribio la mazungumzo. Funika majina ya wasemaji kwa karatasi, soma. Usipoweza kujua nani anasema, wote ni mwandishi. Dawa ya haraka ni kutazama wanavyoitana. Anayesema "ami", anayesema "bwana" na anayeepuka kuita jina kabisa hawawezi kuchanganyika.

Mshororo
Mimi ningekata nusu ya mazungumzo yote, nibaki na ukimya.

Nuru ya Mambrui
Kwenye tamthilia utakata nini, Mshororo? Jukwaa litabaki na viti.

Mshororo
Tamthilia ina maelekezo ya jukwaani. "Anakunja leso, hamtazami." Jibu ndilo hilo.

Mwandani wa Mkunguni
Kisengerenyuma, ile mbinu ya kurudi kwenye yaliyopita, hamjakigusa. Mwenye ujuzi aeleze pa kukiingiza, maana hadithi nyingi zinakiweka ukurasa wa kwanza kabla hatujamjua mtu anayekumbuka.

Fundi Nahau
Kiingie mhusika akiwa katikati ya uamuzi, na kiletwe na kitu anachokishika au kukinusa sasa hivi. Aya moja, mbili zikizidi. Kisha umrudishe kwenye kitu kile kile mkononi, ili msomaji ajue tumerejea.