Nimeshinda kwa meti hatua ya 7 halafu kompyuta inasema nimecheza vibaya, hii inasomwaje?

KeteNyeusi
Wakuu habari za jioni. Mimi kwenye chesi bado mgeni, nilikuwa mtu wa drafti kijiweni muda mrefu, sasa hivi nacheza Lichess, ile tovuti ya bure ya chesi, kwenye simu. Jana nimemfunga mtu mapema kabisa nikafurahi, nikasema ngoja niombe uchambuzi wa kompyuta nijione nilivyo mkali, ile kuja naona hatua yangu ya tatu imewekewa ?! na mstari wa grafu umepanda upande wa mweupe, na mimi nilikuwa mweusi! Game ni hii:

1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bc4 Nd4 4. Nxe5 Qg5 5. Nxf7 Qxg2 6. Rf1 Qxe4+ 7. Be2 Nf3 meti

(N ni farasi, B askofu, Q malkia, R ngome, bila herufi kubwa ni askari, herufi ndogo na namba ni kituo kwenye ubao, x ni kula, + ni cheki yaani mfalme anashambuliwa, meti ni cheki ambayo mfalme hana pa kukimbilia)

Sasa naomba mnisaidie, hizo namba za +0.9 sijui -1.2 ni za nini, na kwa nini hatua iliyonipa ushindi inaitwa mbovu? Au kompyuta nayo inakosea?

Bishoo_wa_Drafti
Hahaha mkuu umepiga mtego wa kitambo sana huo, hongera lakini usiuzoee. Ukikutana na mtu anayeujua utalia.

NgomeH8
Mkuu KeteNyeusi tuanze na namba kwanza. Anayechambua hapo ni Stockfish, injini (programu ya kuchambua chesi) ya bure iliyotoka 2008 na mpaka leo ndiyo inaongoza. Namba ikiwa ya kujumlisha mweupe yuko vizuri, ikiwa ya kutoa mweusi yuko vizuri, haijalishi wewe ulikuwa na rangi gani, hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa maana wakiona minus wanajua wamekufa kumbe wao ndio weusi. Kipimo chenyewe ni askari, yaani +1.0 ni kama mweupe amezidi askari mmoja, ukikumbuka farasi na askofu tunawahesabu 3, ngome 5, malkia 9. Ila si lazima awe amekula kitu kweli, inaweza kuwa kete zake zimekaa vizuri tu na mfalme wako yuko uchi. Ukiona alama ya reli na namba, mfano #3, hiyo siyo askari tena, ni meti ndani ya hatua 3.

Zile ?! (hatua ya mashaka) na ? (kosa) na ?? (kosa kubwa) hazitokani na namba peke yake. Lichess inabadilisha namba kuwa nafasi ya kushinda halafu inaangalia umeshusha kiasi gani. Ukiwa mweusi, kutoka 0 kwenda +2 ni balaa, ila ukiwa mweupe, kutoka +8 kwenda +6 hata haishtuki maana mtu ameshashinda tayari. Kwa hiyo usihangaike na kila kijinamba kinachopanda na kushuka, kwa level yetu sisi tofauti ya 0.3 ni hewa, hata mimi mwenye miaka kadhaa kwenye huu mchezo siwezi kukuelezea imetoka wapi.

MalkiaKonaBaa
NgomeH8 ameeleza namba vizuri ila swali lenyewe hajaligusa, aliuliza kwa nini hatua iliyoshinda inaitwa mbovu.

KeteNyeusi kaka yangu, kompyuta haiangalii wewe ulicheza na nani. Inachukulia kwamba mpinzani atajibu kwa hatua bora kuliko zote, kila mara. Sasa weka ubao mbele yako urudi hatua ya tatu, umepeleka farasi d4. Mweupe akimla tu huyo farasi, 4. Nxd4, na wewe ukarudisha kwa askari wa e5, angalia kilichobaki: farasi wako uliyemtembeza mara mbili hayupo, askari wako wawili wamepangana mstari wa d, hujatoa kete hata moja, na mwenzako askofu yupo tayari c4 na zamu ni yake, anaweza kumficha mfalme pembeni mara moja. Hakuna meti hapo wala hujapoteza kete, ila umeanza nyuma. Hiyo ndiyo ile ?! uliyoiona.

Sasa mwenzako hakufanya hivyo, yeye kaona askari wa e5 yuko bure akala kwa farasi. Hii naielewa sana kwa watu waliotoka kwenye drafti, kule ukiachiwa lazima ule, mkono unazoea, huku hakuna lazima. Ukabonyeza Qg5 na malkia wako anapiga vitu viwili kwa mpigo, farasi wa e5 na askari wa g2. Grafu hapo imegeuka ghafla, si ndiyo? Na bado hakuwa amekufa kabisa, kompyuta itakuonyesha bora angekula f7 kwa askofu, anatoa cheki kwanza, ana hali mbaya ila anapambana. Yeye kala f7 kwa farasi kwa sababu anaona anagonga malkia na ngome ya h8 pamoja, mtego mtamu, na hapo ndipo zile ??. Baada ya hapo askofu wake aliyeziba e2 kafungwa na malkia wako wa e4, yaani akisogea mfalme wake aliye nyuma anabaki wazi, kwa hiyo hawezi kumla farasi anayekuja f3. Meti.

Kwa hiyo kompyuta haijakosea na wewe hujaonewa. Ushindi ni wako, ila umetokana na makosa yake mawili, na uchambuzi unakuonyesha yote matatu, lako moja na yake mawili, kwa mpangilio.

KeteNyeusi
Dah, asante sana dada, hiyo ya e2 kufungwa hata sikuiona nilipokuwa nacheza, niliona tu cheki nikaipiga 😂 Sasa nikichambua game nyingine nianzie wapi maana zina hatua 40 na kila mahali kuna mshale wa bluu wa hatua ambayo injini inapendekeza

MalkiaKonaBaa
Zima injini kwanza. Pitia game yako mwenyewe kwa macho, pale ulipohisi jasho jiulize uliogopa nini. Ukimaliza washa, na usifuate kila mshale, nenda moja kwa moja pale grafu imeanguka kama imetupwa, kwa kawaida ni sehemu mbili tatu kwenye game nzima. Hapo usiangalie kwanza alichopendekeza, angalia hatua ILIYOFUATA ya mpinzani, yaani adhabu yako ilikuwa nini. Ukishaielewa adhabu, pendekezo litajieleza lenyewe. Na kama hulielewi, cheza hatua yako unayoitaka kwenye ubao wa uchambuzi uone injini inajibuje, inaruhusiwa, hata mara ishirini. Kuna kitufe cha kujifunza kutokana na makosa yako, kinakurudisha kila sehemu uliyoharibu na kukutaka utafute hatua bora mwenyewe, hicho kwangu kina faida kuliko grafu nzima.

Bishoo_wa_Drafti
Mimi sikubaliani na kuhangaika hivyo, kwa mtu anayeanza afanye mafumbo tu kila siku, uchambuzi atakuja kuuelewa akishaacha kugawa malkia bure.

NgomeH8
Afanye vyote mkuu, havigombani. Mafumbo ya mtandaoni unajua tayari kuna kitu cha kutafuta, kwenye game yako hakuna anayekukonyeza.

Na kitu kingine KeteNyeusi, ile asilimia ya usahihi wa hatua zako inayotolewa kwenye uchambuzi isikulevye. Game fupi ambayo mpinzani anakuachia vitu unapata 95 kiulaini, kisha unapata 70 kwenye game ngumu ambayo umecheza vizuri zaidi.

KeteNyeusi
Poa. La mwisho wakuu, kuna game iliandika 0.00 katikati ya vita, malkia wote wapo na wafalme wote wako wazi, nikajua imebug. Na simu inachemka balaa nikiwasha hiyo injini

NgomeH8
Haijabug. 0.00 mara nyingi kwenye vita kama hiyo maana yake kuna mtu anaweza kupiga cheki huku na kule bila mwisho, hali ikijirudia mara tatu ni sare, na mwingine hana njia ya kukwepa bila kufa. Ila mara nyingi ni hatua moja tu sahihi inayoshika hiyo sare, ukicheza nyingine yoyote umekwisha, kwa hiyo ni sare ya kompyuta, siyo yako wewe na mimi. Bonyeza mshale uone inapiga cheki wapi.

Simu inachemka kwa sababu ukiiwasha kwenye ubao injini inafanya kazi kwa nguvu ya simu yako yenyewe. Ukiomba uchambuzi wa game nzima kazi inafanyika kwao, wewe unaletewa majibu, na ni bure. Tumia huo, ile ya kwenye simu washa tu pale unapotaka kujaribu kitu halafu zima.