Wanafunzi wa optometria (upimaji wa macho) tuwafundishe vipi kuendesha kliniki?

Mpimaji wa Ngamiani: Ndugu zangu, nina duka la miwani lenye chumba cha kupimia hapa Ngamiani, Tanga, na kila mwaka hupokea wanafunzi wa optometria wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Retinoskopu, kile kifaa cha kumulika jicho ili kukadiria nguvu ya lenzi, wanaimudu vizuri, pengine kuliko nilivyoimudu mimi nikiwa na umri wao. Lakini juzi nilimuuliza mmoja ni jozi ngapi za miwani tunapaswa kuuza kwa mwezi ili tulipe pango, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Nina wiki nane tu za kukaa nao. Nianzie wapi: daftari la hesabu, leseni na kodi, au usimamizi wa wafanyakazi?

Mama Fremu: Shikamoo mwalimu. Leseni na kodi zinaweza kusubiri, kwani ni mambo ya kufuata utaratibu tu. Mpe mwanafunzi miwani moja na kalamu. Tuseme inauzwa shilingi 60,000: fremu umeinunua kwa 15,000, lenzi kwa 14,000, kukata na kusafirisha kutoka Dar es Salaam 6,000, hivyo zinabaki 25,000. Ikiwa pango, umeme na mishahara hufika 750,000 kwa mwezi, jozi 30 za mwanzo si zako. Kisha mwambie kwamba amekosea umbali kati ya mboni, lenzi zikatwe upya: 20,000 zimekwenda, na faida ya miwani ile karibu yote imekwenda nazo. Somo jingine liko chini ya kaunta yangu, sanduku la fremu za zambarau nilizozinunua kwa mkupuo kwa sababu zilikuwa za bei rahisi, na hazijapata wanunuzi.

Mzee wa Lenzi: Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ina hatari yake, kwa maana kijana aliyekaririshwa jozi 30 ataanza kuona haja ya miwani katika kila uso. Fundi cherehani wa miaka 45 anayeshindwa kutunga uzi huenda anahitaji miwani ya kusomea tu, na mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa anahitaji barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bombo, ambayo haiingizi hata senti. Kwa hiyo ada ya kupima itozwe peke yake na iandikwe peke yake kwenye risiti, ili mpimaji alipwe kwa kazi ya kupima hata asipouza kitu.

Mpimaji wa Ngamiani: Marahaba Mama Fremu, na ahsante Mzee. Jumatatu nitaanza na miwani moja na kalamu. Ada ndiyo inayonitia mashaka, maana wateja wa hapa wamezoea tangazo la “kupima bure”, nao watahamia kwa jirani.

Mama Fremu: Mimi pia niliogopa. Nilianza na 5,000, na kila aliyelipa nikamwandikia vipimo vyake kwenye karatasi, aende kutengenezesha popote apendapo. Wengi hutoka, huzunguka maduka mawili matatu, kisha hurudi na karatasi ileile.