Fizikia ya kiwandani ina tuzo, au tuzo ni za wahadhiri tu?

BintiTanuri:
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kiwanda cha saruji. Nashughulika na vipimo vya mionzi: chanzo cha siziamu-137, metali inayotoa mionzi, kimekaa upande mmoja wa mnara wa kupashia malighafi joto, kipokezi upande wa pili. Unga ukiganda ndani, mionzi inayofika hupungua, tunajua kumeziba.

Mwaka jana kila ikifika saa nane mchana kipimo kilipiga kelele kuwa kumeziba. Vijana wanapanda ngazi na mabomba ya hewa, wanakuta peupe. Wiki mbili nikihangaika. Kumbe kipokezi chenyewe kilikuwa kinaungua: joto la mnara na jua la mchana vinadhoofisha mrija wa ndani, kinahesabu kidogo kuliko kinachopokea. Dawa ikawa bati la kivuli na bomba la maji ya kupoza.

Nilipewa fulana na soda. Sawa. Kinachoniuma ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, kila sikukuu: "Huyu aliacha fizikia." Je, kuna tuzo zinazotambua watu wa aina yangu?

Babu_Voti:
Binti yangu, zipo, na Nobel yenyewe imo. Jack Kilby aliajiriwa Texas Instruments, kampuni ya elektroniki ya Marekani, mwaka 1958. Julai wenzake wakaenda likizo. Yeye mgeni, hana siku za likizo, akabaki karibu peke yake maabara. Septemba 12 akawaonyesha wakubwa saketi nzima ya umeme juu ya kipande kimoja cha jemaniamu, yaani chipu. Nobel ya fizikia aliipata mwaka 2000, miaka 42 baadaye, kwa hiyo kula vizuri uishi.

Mwaka 1912 walimpa Gustaf Dalén wa kampuni ya AGA, Sweden, kwa vidhibiti vya taa za minara ya baharini. Ana vali inayozima gesi jua likichomoza na kuiwasha giza likiingia, bila mtu kwenda kisiwani. Mimi mtu wa Tanga, hiyo naiheshimu kuliko mambo mengi ya ubaoni. Mwaka huohuo mlipuko ulimpofusha, kaka yake akaenda kumpokelea tuzo.

Mla_Ugali:
Dada, fulana na soda si haba 😂 Shuji Nakamura alitengeneza diodi ya bluu inayong'aa (taa ya LED) akiwa Nichia, kampuni ya mkoani huko Japani. Kwa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, alipewa yeni 20,000. Akashtaki. Mwaka 2004 mahakama ikasema alipwe yeni bilioni 20, mwaka uliofuata wakapatana kwa takriban milioni 840. Nobel ikaja 2014, pamoja na Akasaki na Amano wa chuo kikuu. Tunza barua zako za kazini.

Kipimo_Sahihi:
Kuna zilizotengwa kabisa kwa ajili ya viwanda. Wanafizikia wa Marekani wana tuzo ya matumizi ya fizikia viwandani. Waingereza wana medali yenye jina la Katharine Burr Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa fizikia Cambridge, 1926. Maisha yake ya kazi yalikuwa General Electric, kampuni ya Marekani, na mwaka 1938 akatoa kioo kisichorudisha mwanga.

Shida yetu ni maandishi. Ulichofanya kimeishia kwenye daftari la zamu na kampuni haitaki kitoke. Nani atakupendekeza kwa kitu ambacho hajakisoma? Omba ruhusa, andika kurasa nne: joto, hesabu za kipokezi, kabla ya bati na baada yake.

BintiTanuri:
Grafu ninazo, Jumatatu naomba ruhusa. Asanteni, na Babu shikamoo, nilisahau.

Nimemtumia mjomba habari za Kilby, Dalén na Nakamura. Amejibu: "Hao wote wamesomea uhandisi." Na ni kweli, mzee hakosei.

Nimemtumia Blodgett. Tiki mbili za bluu tangu jana jioni.