ETI "MAMA SOGEA, UNAZIBA PICHA", KWENYE MTARO NILIOUCHIMBA MWENYEWE!

Mama Mbaazi

Asalaam aleikum wana mtaa, na msio wana mtaa pia.

Simtaji jina. Mnamjua. Ni mwakilishi wetu wa wadi hapa Malindi, yule yule ambaye tangu Agosti 2022 ukimpigia hapatikani, na sasa uchaguzi wa Agosti 2027 umeanza kunukia ghafla anajua mpaka paka wangu anaitwaje.

Nimeoga mara mbili na hasira haijatoka. Mikono yatetemeka, mkiona herufi zimepandana mnisamehe.

Nimeambiwa: "Mama, sogea kidogo, unaziba picha."

Mimi! Naziba picha! Kwenye mtaro wangu!

Sikizeni. Mtaa wetu uko kama sahani, kila mtu anajua. Masika ikianza, maji yote ya barabara ya juu, ya gereji, ya hoteli, ya kila paa la bati, yanashuka kwetu kama tuliyaandikia barua ya mwaliko. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 godoro langu lilitoka chumbani likaenda sebuleni lenyewe. Sufuria ya mbaazi niliikuta kwa jirani, na mbaazi zimo. Tukaenda ofisini, tukaandikisha majina kwenye daftari, tukaambiwa "limepokelewa, kina mama." Mpaka leo limepokelewa. Daftari lenyewe pengine nalo lilielea.

Basi mwaka huu tukasema liwe liwalo. Kila nyumba shilingi 300, na asiye nazo alete jasho. Jumapili nne vijana walipiga mtaimbo, na ardhi ya huku si mchanga mtupu kama wanavyodhani watu: ukifika magotini unakuta mwamba wa matumbawe, mtaimbo unatoa cheche. Mawe ya kingo alitupa mzee mmoja aliyebomoa ua wake. Fundi akajenga bila kudai hata senti, alikula mahamri yangu tu, na fundi yule anakula. Mwanangu yuko safarini, kwa hiyo kipande cha mbele ya nyumba yangu nilikichimba mimi. Hatua kumi na moja. Kwa chepe langu lenye mpini uliofungwa tyubu ya baiskeli. Nilitoka malengelenge nikawa nikikanda unga wa mahamri nalia, wateja wananiuliza nani amefariki.

Mvua ya kwanza ikaja. Maji yakapita. YAKAPITA! Tulitoka na miavuli tukapanga mstari kuyatazama, kama watu wanaotazama zafa ya Maulidi.

Sasa Jumamosi. Gari tatu. Spika kubwa kuliko choo changu. Vijana wa fulana, na leso za kugawa zenye uso wake, tena penye jina la leso, mahali pa methali, pameandikwa jina lake! Leso gani hiyo? Umfunge nayo mtoto mgongoni uso wa mtu ukae kwenye matako ya mtoto?

Wakafunga utepe mwekundu kutoka mwarobaini wangu mpaka nguzo ya stima. Akaukata. Akazindua mtaro ambao umepitisha maji wiki tatu! Ni sawa na kuja kumpa jina mtoto wa mtu aliyekwisha kuanza chuo.

Halafu akataka chepe. Gari tatu hazina chepe. Likachukuliwa langu mlangoni, bila hodi. Akalishika kwa ncha za vidole kama ashikaye panya mfu. Akachota mchanga ukingoni, mchanga ule ule tulioutoa sisi, akautia NDANI ya mtaro. Mpiga picha akasema safi Mheshimiwa, rudia. Akarudia! Akatia mwingine!

Mimi nimesimama hapo, kwenye hatua zangu kumi na moja. Nikafungua mdomo kumwambia Mheshimiwa, mchanga unatoka, hauingii. Akanigeukia na tabasamu lile la kwenye mabango:

"Mama, sogea kidogo, unaziba picha."

Mdomo ukakauka. Na nikasogea! Wallahi nilisogea, mbele ya kina mama wenzangu na wateja wangu, na hilo ndilo linalonichoma tangu Jumamosi.

Jioni picha imeenea kila simu. Maneno juu yake: "Ahadi ni deni, nimelipa." Umelipa nini? Daftari la mchango liko kwa mweka hazina, tumelisoma kutoka juu mpaka chini, mia tatu yako haimo. Na ukiitazama ile picha upande wa kushoto utaona kiwiko. Kiwiko kile ni changu. Mwili wote umekatwa, kimebaki kiwiko!

Sitaki leso. Sitaki unga. Nataka aje bila mpiga picha autoe mchanga alioutia. Na aniambie tena naziba picha, safari hii nimejiandaa.

Chepe langu pia sijarudishiwa.

Tuktuk ya Jana

Pole sana mama yangu. Kumbe kile ni kiwiko? Mimi nilidhani tawi la mwarobaini. Nimeivuta picha mpaka simu ikapata moto.

Samaki Mkavu

Mama, sogea kidogo, unaziba uzi.

Mama Mbaazi

Cheka, Samaki. Masika ijayo ukielea upite kwangu usinisalimie.

Kijana wa Mtaimbo

Mimi nimechimba Jumapili zote nne na hata kiwiko sina. Nilipewa fulana tu, tena ya saizi ya mtoto wa darasa la pili.

Mama Mbaazi

Kwa hiyo uliichukua?!

Kijana wa Mtaimbo

Mama, ilikuwa ya bure.

Mama Mbaazi

Subhanallah. Kesho usije kwangu kutaka mahamri ya kukopa. Nenda ukale fulana.

Shabiki Damu

Nyie watu wa lawama hamna shukrani. Mheshimiwa akikaa bungeni mnasema amepotea, akija mtaani mnasema amekuja kupigwa picha. Angalau amefika. Wangapi hawajafika? Na hilo chepe kuukuu atakununulieni machepe kumi.

Bi Mkubwa wa Muyeye

Bungeni ni mbali? Bunge la Kaunti ya Kilifi liko hapa hapa Malindi, si Kilifi. Mtu atoke bungeni, apande tuktuk, afike mtaani kwake na chai yake haijapoa. Miaka yote hiyo tuktuk hazikuwapo?

Tuktuk ya Jana

Tulikuwapo. Na namkumbuka mheshimiwa mmoja, sisemi ndiye huyo, aliniambia "nitakutumia kwa simu." Shilingi mia. Bado naangalia simu.

Karani wa Barazani

Ngojeni niwafahamishe, maana watu mnachanganya. Mifereji ya maji ya mvua mijini ni kazi ya serikali ya kaunti, imo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Lakini mwakilishi wa wadi si mtendaji. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza kabisa kuingia katika kazi za utendaji. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuwakagua wale wanaotekeleza. Kuchimba mtaro si kazi yake, Mama Mbaazi. Kumlaumu kwamba hakuuchimba ni kumwonea.

Mama Mbaazi

Karani, umesoma, Mungu akuzidishie. Sasa kama sheria inamkataza kuchimba, alishika chepe langu afanye nini nalo? Na sheria inasema nini juu ya kumwambia mwenye mtaro asogee?

Karani wa Barazani

Hapo sheria imenyamaza.

Samaki Mkavu

Karani kasogezwa.

Mzee wa Kofia ya Viua

Wanangu, nyinyi wadogo. Kabla ya 2013 tulikuwa na baraza la manispaa na madiwani. Sisemi walikuwa malaika, taka ziliozea sokoni vilevile. Lakini diwani ulimjua kwa sura, ulikutana naye kwenye kahawa, ukimtukana anakutukana, mnamaliza, mnakunywa kahawa. Huyu wa sasa ukitaka kumtukana lazima uonane kwanza na msaidizi wake.

Shabiki Damu

Mzee, enzi hizo Malindi ilikuwa na watu wangapi? Sasa mji umejaa. Mtu mmoja atamfikia nani?

Mzee wa Kofia ya Viua

Umejaa watu na umejaa mabango. Nimehesabu kutoka kwangu mpaka msikitini, nyuso tisa. Jirani zangu ninaowajua kwa sura hawafiki tisa.

Bi Mkubwa wa Muyeye

Mama Mbaazi mtaro wenu unapitisha maji, mshukuruni Mola. Sisi tuliletewa mulika mwizi. Likazinduliwa, tukapigiwa ngoma, mabinti wakacheza, taa ikawaka tukaona mpaka sindano chini. Asubuhi yake ikazimika. Haijawaka tena. Sasa ni nguzo ndefu ya kunguru, na mwizi ndiye anayetumulika sisi kwa tochi ya simu.

Kijana wa Mtaimbo

Hahaha kunguru wana mulika mwizi yao.

Bi Mkubwa wa Muyeye

Usicheke. Juzi mtu ameporwa simu chini ya nguzo hiyo hiyo, akiegemea.

Mwuza Madafu

Nyie mna mulika mwizi isiyowaka, sisi tumeletewa pipa la taka. Moja. Mtaa mzima. Likajaa siku ile ile, hakuna aliyekuja kulimwaga, sasa taka zimelizunguka pipa mpaka pipa lenyewe halionekani. Mtu akiuliza njia tunamwambia ukiona mlima kata kushoto.

Mama Mbaazi

Jamani nawahurumia, lakini hakuna kati yenu aliyeambiwa asogee. Mimi niliambiwa nisogee. Kwenye hatua zangu kumi na moja.

Samaki Mkavu

Zilikuwa kumi na moja? Uzi huu ukiendelea zitafika Watamu.

Mama Mbaazi

Njoo upime! Njoo na futi kamba, nakungoja!

Dada wa Madumu

Mnabishana taka na taa, kuna mtu huku ana maji? Siku ya tano leo mfereji wangu wa bomba unatoa upepo. Maji yanavutwa Baricho, mto Sabaki uko pua na mdomo na sisi, yanakwenda mpaka Mombasa watu wanaoga, sisi tulio karibu na mto tunanunua dumu.

Bi Mkubwa wa Muyeye

Dumu kwenu ni bei gani?

Dada wa Madumu

Arobaini. Jana lilikuwa thelathini.

Mwuza Madafu

Huku hamsini, na mwenye mkokoteni anakuangalia kana kwamba anakusaidia. Madafu yangu yamekuwa rahisi kuliko maji, naapa kuna mtu ameninunulia madafu sita akaenda kupikia wali.

Tuktuk ya Jana

Kwenye tanki la kituo cha mafuta huko juu nilisikia ni ishirini, lakini foleni ni kama ya kupiga kura. Niliacha abiria wawili kwenye foleni asubuhi, jioni nimewakuta wamezoeana, wanataka kuoana.

Karani wa Barazani

Kuhusu maji, kisheria nayo ni huduma ya kaunti, kwa hiyo...

Samaki Mkavu

Karani, sogea kidogo.

Shabiki Damu

Mheshimiwa amesema ataleta boza la maji Jumamosi, kila nyumba madumu mawili. Sasa semeni tena hafanyi kazi.

Mama Mbaazi

Na mpiga picha atakuwapo?

Shabiki Damu

Mama, wewe una shida na picha.

Kijana wa Mtaimbo

Boza saa ngapi? Mimi niko tayari kusogea mpaka Mambrui nikipata dumu mbili.

Mzee wa Kofia ya Viua

Boza lisipite barabara ya gereji, litazama. Pale penye shimo. Mwambieni apite upande wa shule.

Dada wa Madumu

Upande wa shule kuna mchanga tele, boza haliendi. Bora lisimame barabara kubwa, watu waende na madumu yao.

Bi Mkubwa wa Muyeye

Na sisi vikongwe tubebewe na nani? Kijana wa Mtaimbo utanibebea mawili yangu, nitakupa kaimati.

Kijana wa Mtaimbo

Kaimati ngapi?

Mama Mbaazi

Mchanga ule bado umo mtaroni, nimetoka kuutazama sasa hivi. Nitautoa na nini, chepe liko kwake.

Mwuza Madafu

SUBIRINI. Mfereji wangu umekohoa.

Dada wa Madumu

Kweli??

Mwuza Madafu

Yametoka mekundu kwanza. Sasa yanakuja meupe. Yanakuja wallahi!

Bi Mkubwa wa Muyeye

Na huku! Hebu nikakinge. Mama Mbaazi fungua wako, kesho watu wanataka mahamri.

Mama Mbaazi

Nafungua. Yana nguvu au yanadondoka?

Mwuza Madafu

Yana nguvu, wekeni madumu yote, hata sufuria za wali.

Dada wa Madumu

Kwangu bado upepo. Jamani msiyamalize huko chini.